Kibati Kilichokunjwa

Juu ya meza ninayosahihishia madaftari pana kibati kidogo. Hakizidi ukucha wa kidole gumba kwa upana, chuma chake ni chepesi chenye kurudi kama springi, na ncha yake imekunjwa nyuma kama sikio la mbwa aliyeogopa. Wageni hukishika, wakakigeuza, wakaniuliza kama ni cha kitasa au cha redio. Nikiwaambia ni cha breki hukirudisha upesi, wakidhani labda gari linakihitaji. Halikihitaji tena. Nilipewa na fundi mmoja pale Mombo, chini ya mkwaju, akaniambia nikae nacho. Nimekaa nacho, na kila nikikitazama naikumbuka sauti ambayo kiliumbwa kuitoa, nami nikalipa ili kisiitoe.

Kibati hiki hupachikwa ubavuni mwa brekipedi. Brekipedi ikiwa mpya huwa na milimita 10 hivi za ule udongo mweusi mgumu unaoibana diski na kulisimamisha gari, na siku zote hizo kibati hukaa pembeni bila kugusa chochote. Hakiongezi nguvu ya breki wala hakishiki kitu. Kila ukikanyaga, ule weusi husagika kidogo mno, vumbi la kuhesabiwa kwa pumzi, na kila siku kibati husogea karibu na diski bila mwenye gari kujua. Zikibaki milimita 2 au 3, ncha yake hufika, hugusa chuma kinachozunguka, na huanza kulia. Hiyo ndiyo kazi yake yote duniani. Mtu fulani alikaa mahali na kalamu na rula akachora kitu ambacho hakina wajibu mwingine ila kulia kwa wakati wake, mapema kiasi cha kumwachia mwenye gari muda wa kutafuta fedha na fundi. Nimewahi kuandika barua za kuwaonya wazazi, nimewahi kusimama mbele ya kamati ya shule nikasema paa litaanguka. Sidhani kama nimewahi kuonya kwa uaminifu wa namna hiyo.

Gari langu lilianza kulia wakati wa masika. Lushoto, masika huja na ukungu unaolala juu ya magari hadi saa mbili asubuhi, na breki za chuma zikilala kwenye unyevu hushika kutu usiku mmoja, kutu nyembamba kama utando wa maziwa. Asubuhi ukikanyaga mara ya kwanza zinalalama, mara ya pili zinaguna, na ukifika kona ya tatu kutu imefutika na zimenyamaza. Kilio hicho nilikijua na sikukiogopa. Kilichokuja baadaye kilikuwa kingine. Kilianza asubuhi kikaendelea mchana kutwa, kwenye tambarare na kwenye mteremko, chembamba, kikali, cha kuingia kwenye meno. Nilipopita Soni watu wa stendi waligeuka wote kwa pamoja. Wanafunzi walinijua nikiwa bado kona mbili chini ya shule, wakaanza kuniiga, na mmoja wao aliiga vizuri hivi kwamba walinzi walifungua geti nikiwa nimo ofisini. Niliona aibu. Ni jambo la kufikiriwa, aibu hiyo: gari lilikuwa linaniambia habari iliyohusu uhai wangu, na mimi nilichosikia ni macho ya watu.

Nikalipeleka gereji. Kijana alikuwa mwepesi na mwenye bashasha. Alipandisha jeki, akafungua tairi, akachukua plaisi, na kabla sijamaliza soda yangu alikuwa ameshakaza nati zote. Elfu tano. Nikaendesha hadi nyumbani katika kimya kizuri mno, dirisha wazi, nikisikia hadi ndege wa msituni. Nilimsifu yule kijana kwa wenzangu. Nilimpelekea mteja.

Kiswahili kinatumia neno moja, kulia, kwa mambo mengi ambayo sikuwahi kuyaweka kapu moja hadi kibati hiki kilipokaa mezani pangu. Mtoto analia. Ngoma inalia. Kengele ya shule inalia, simu inalia, radi inalia, njiwa analia mtini, na breki inalia. Hatukutenga sauti ya uchungu na sauti ya wito. Wazee waliotuachia lugha hii waliona, nadhani, kwamba kila kitu kinacholia kinamlilia mtu, na kwamba anayeulizwa swali ni yule aliyesikia. Anayelia amekwisha kumaliza sehemu yake.

Na kilio chenyewe, ukikitazama kwa karibu, ni cha ajabu. Brekipedi ikibana diski haitelezi sawasawa. Hunata, huachia, hunata tena, huachia, maelfu ya mara kwa sekunde, na diski nzima hutetemeka kama sahani iliyogongwa. Ndivyo linavyolia zeze. Nywele za upinde zilizopakwa ulimbo hunata kwenye uzi na kuuachia, hunata na kuuachia, na katika kunata na kuachia huko ndimo Hukwe Zawose, Mgogo aliyefia Bagamoyo mwaka 2003, alimopata sauti iliyozunguka dunia. Ndivyo inavyolia pia fidla ya taarabu pale Unguja. Breki na zeze ni ndugu wa baba mmoja. Mmoja alilelewa na mpigaji aliyejua pa kukaza na pa kulegeza, mwingine akalelewa na vumbi, joto na dereva mwenye haraka. Sikio letu, kwa jinsi lilivyoumbwa, hukamata vizuri zaidi sauti zinazotikisika kati ya mara 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na vilio vingi vya breki hupita humo humo. Ndiyo maana huwezi kukizoea kilio hicho hata ukijaribu.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na katika hizo barabara inashuka karibu mita 1,000, ikijikunja pembezoni mwa mto, ikipita maporomoko ya Soni, mwamba upande huu na hewa tupu upande ule. Siku moja usiku nilichukua kalamu nyekundu nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Gari dogo la tani moja na nusu likiwa Lushoto limebeba kimo chake kama mtu aliyejitwika mzigo, na haliwezi kufika nao chini. Lazima liutue njiani, na mahali pa kuutua ni kwenye joto. Mzigo huo wote ukigeuka joto unatosha kuchemsha ndoo mbili za maji, zile za lita 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, sehemu huchukuliwa na injini kama dereva ana adabu ya kushuka na gia ileile ambayo angepandia. Kinachobaki kinaingia kwenye vipande vichache vya brekipedi, kila kimoja sawa na kiganja cha mtoto. Mlima wote wa Usambara unapita katika viganja hivyo. Malori ya kabichi na viazi na matunda damu yanayokwenda Dar es Salaam yanashuka hapo kila usiku, na ukisimama Mombo alfajiri unanusa magurudumu kabla hujayaona.

Breki zikizidiwa na joto hazilii. Hili nililijua kwa kusoma, nikalifahamu baadaye. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishakunywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka huzaa mvuke ndani ya mpira wa breki, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Unakanyaga, na pedali inashuka polepole hadi sakafuni kama mguu uliokanyaga tope. Hakuna mlio. Hakuna anayegeuka stendi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na tulipokuwa wadogo tulidhani wanasema juu ya watu wenye hila.

Siku ya mkwaju sikuwa nimesimama kwa ajili ya breki. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limepata pancha nikiwa nimebakiza kidogo kuifikia barabara kuu ya Arusha, na chini ya mti huo kulikuwa na mzee na kijana wake, jeki mbili, na benchi la ubao lililoloa oili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za baridi ya huko juu. Alipovua tairi alikaa kimya. Akachuchumaa, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Mwalimu," akasema, maana alikwisha kuona madaftari kiti cha nyuma, "hili gari halikulilii?"

"Lililia, mzee. Likatengenezwa."

Hakujibu. Akachukua tochi, akanionyesha. Brekipedi ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki kama karatasi juu ya chuma. Ya nje, iliyokuwa upande wa pili wa diski ileile, ilikuwa nene, karibu mpya. Na pale ubavuni mwa ile iliyokwisha palikuwa na kibati, ncha yake imekunjwa nyuma kwa plaisi, alama mbili za meno ya chuma zikionekana wazi juu yake.

Nilizitazama hizo brekipedi mbili kwa muda mrefu kuliko nilivyokitazama kibati. Mzee alinieleza: kalipa, kile chuma kinachozishika brekipedi, hutembea juu ya pini mbili, na pini hizo zinatakiwa ziteleze ili pande zote mbili zibane sawa. Zikikauka, zikashika kutu, upande mmoja unasukumwa na kufanya kazi yote, upande wa pili umekaa tu, unasindikiza. Gari linasimama vizuri vilevile. Ukiwa ndani huwezi kujua. Nilifikiri nyumba ninazozijua, zenye majina mazuri mtaani, ambamo kila kitu kinasimama mahali pake na watoto wanakwenda shule na viatu vimepigwa rangi, na mtu mmoja humo amebaki kama karatasi. Nilimfikiria mama yangu. Sikumbuki kumsikia akilalamika hata siku moja, na sisi watoto wake tulilitaja hilo msibani kama sifa yake kubwa.

Kijana alipotoa brekipedi ile kuukuu aliinyanyua hadi mdomoni ili apulize vumbi lililojaa kwenye kalipa. Mzee akamshika mkono.

"Usipulize. Lowesha kitambaa."

Akanieleza, huku akifuta, kwamba aliyemfundisha kazi alipuliza vumbi la breki kwa mdomo miaka yake yote, na mwisho alikuwa akipanda ngazi tatu anakaa. Hospitali hawakumwambia ni nini. Mzee ana lake analoamini. Na katika hili historia iko upande wake. Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester, wa Birmingham, alipata hataza ya breki za diski. Alibana diski kwa vipande vya shaba, na breki hizo zilipiga yowe ambalo hakuna aliyelivumilia. Miaka michache baadaye mwenzake Herbert Frood akaja na dawa: avike vile vipande asbesto. Yowe likatulia. Asbesto ilistahimili moto, ilidumu, ilikuwa rahisi, na ikaingia katika breki za dunia nzima kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Ilichimbwa hata huku kwetu Afrika, Zvishavane kule Zimbabwe na Bulembu kule Eswatini. Mwaka 1924 mwanamke aitwaye Nellie Kershaw, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto katika mji wa Rochdale, alikufa akiwa na miaka 33, mapafu yake yamejaa makovu na vipande vya madini, na daktari aliyemchunguza akaandika alichokiona. Uingereza ilikuja kuipiga marufuku asbesto ya mwisho, ile nyeupe, mwaka 1999. Kati ya miaka hiyo miwili ni mafundi wangapi walipuliza? Breki hazikupiga yowe tena barabarani. Kikohozi ndicho kilichobaki, katika vyumba vya nyuma, mbali na abiria.

Nisidai kwamba kila kilio kina ujumbe. Kuna brekipedi za bei rahisi zenye chembe nyingi za chuma ndani yake, zinalia tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho na hazina habari yoyote. Kuna kokoto inayoingia kati ya diski na bati la kinga ikapiga kelele za kutisha, ukarudi nyuma kidogo ikadondoka. Debe tupu haliachi kuvuma. Ila fundi wa kweli haanzi kwa kuuliza namna ya kunyamazisha. Yule mzee aliniuliza kama kulia kule kulikuwa kwa asubuhi tu au kutwa, kama kulizidi nikikanyaga au nikiachia, kama usukani ulivuta upande, kama palikuwa na kukwaruza au mlio mwembamba tu. Kukwaruza ni chuma kwa chuma, hapo umechelewa. Mlio unaosikika gari likitembea, ukakatika ukikanyaga, mara nyingi ni kibati. Mlio wa kukanyaga peke yake waweza kuwa brekipedi iliyong'aa kama kioo kwa joto. Maswali yake yote yalikuwa juu ya wakati na hali, na akiuliza aliniangalia usoni. Nilitamani angekuja shuleni kwetu siku moja akakae nyuma ya darasa.

Maana nina mvulana mmoja wa Darasa la Tatu ambaye simsahau. Kila Jumatatu asubuhi alikuwa akilia. Hakulia kwa sauti kubwa. Alikuwa na mlio mwembamba, wa pua, usiokoma, kuanzia kengele hadi saa nne. Uliniharibia somo la hesabu. Nilimwambia mtoto wa kiume halii. Mwalimu mwenzangu alimwambia akilia tena atapiga magoti. Wenzake walimwiga. Muhula haukufika nusu akanyamaza, na nikaandika kwenye ripoti yake, kwa mwandiko wangu mzuri: nidhamu imeimarika. Muhula uliofuata hakurudi. Sikuwahi kumuuliza kwa nini ilikuwa Jumatatu. Sikuwahi kumuuliza Jumapili kulikuwa na nini. Tunao msemo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na nimewasikia wazazi wakiutumia kuhalalisha kiboko. Tangu siku ya Mombo nauogopa msemo huo, kwa kuwa mimi sikuchelea kilio cha yule mtoto hata kidogo. Nilikikunja.

Pale chini ya mkwaju, kijana wa mzee alirudi na bodaboda kutoka duka la spea. Mzee hakukubali kubadilisha gurudumu moja tu. Breki za mbele hubadilishwa kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta upande. Alipitisha ukucha wake juu ya diski kutoka katikati kwenda ukingoni, mara tatu, akisikiliza kama unanasa. Haukunasa sana. Akapiga msasa taratibu kuondoa mng'ao, akafuta. Pini akazichomoa, akazisugua hadi zikang'aa, akazipaka grisi ya kustahimili joto, na ile iliyobaki kidoleni akaipaka mgongoni mwa brekipedi, pale panapokutana na pistoni, nyembamba kama mafuta ya nywele. Kijana alitaka kujua kwa nini isipakwe na mbele ili isilie kabisa. Mzee akamwambia ukipaka mbele haitalia na haitasimama. Mafuta ya breki ya zamani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akayatoa, akatia mapya, akamwita kijana akanyage na kuachia hadi upepo wote ukatoka. Kisha akaniambia mimi mwenyewe niingie, nikanyage pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha gari, hadi niisikie imekuwa ngumu chini ya mguu.

Hapo ndipo alipochukua plaisi, akakichomoa kibati kutoka kwenye brekipedi kuukuu, akakifuta kwa kitambaa chenye maji, akanikabidhi. Nilimuuliza kama hizi mpya nazo zinacho. Akaniinamishia tochi nikaona: ncha imenyooka, inang'aa, mbali na diski, inasubiri.

"Zitalia kidogo siku mbili tatu," akasema, "bado hazijajuana na diski. Panda polepole. Usizikanyage kwa ghafla. Zikilia baada ya hapo, uje."

Nilipanda jioni ile kwa gia ya pili, taa zimewashwa, malori ya kabichi yakinipisha kwenye kona. Ukungu ulinikuta baada ya Soni. Nilikuwa nimefunga redio na kuteremsha vioo vyote viwili, baridi ikaingia pamoja na harufu ya moshi wa kuni na majani mabichi. Mbele kidogo ya geti la shule nikakanyaga. Zikalia, mlio mfupi, mbichi, kama mtu anayejaribu sauti yake mahali pageni. Mlinzi akacheka, akasema mwalimu umerudi na wimbo wako. Nikazima injini, nikakaa ndani ya gari gizani, nikisikiliza chuma kikipoa.